Nafasi Katikati ya Maneno Mawili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini mgongo umepoa, shemeji hajambo, na wale mapacha wako wameacha kugombania kiti cha dirishani. Sisi huku wazima kabisa. Mama amepata nguvu mpya tangu abadilishiwe miwani. Sasa anasoma kila kitu, mpaka yale maandishi madogo nyuma ya chupa za dawa, kisha anatusomea na sisi kwa sauti, tutake tusitake. Mke wangu anakusalimu sana. Binti yangu ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya wageni, lakini sisi wa nyumbani anatuonyesha pengo lake hata hatujaomba.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi nzima wakati simu ipo na juzi tu tumeongea. Sababu ipo, nawe utaiona. Kwanza nikupe habari za kazini, maana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ni habari njema, na wewe uliyetunza kumbukumbu za picha za eksirei pale hospitalini kwa miaka tisa si mgeni wa vyumba vile.

Ofisi yetu ya kompyuta ingali mwisho wa korido, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na mlango wake ungali unakwaruza sakafu. Profesa yupo, na mpaka leo hakuna aliyewahi kujua huo uprofesa aliupata wapi. Miwani ileile, koti lilelile, kikombe kilekile asichoruhusu mtu akioshe. Kilichobadilika ni bosi. Yule wa zamani amestaafu, na badala yake ameletwa mama mmoja mwembamba, mtaratibu, aliyekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kabla ya kuingia kwenye uongozi. Wiki ya kwanza alikaa tu akitutazama. Wiki ya pili akauliza swali moja: hizi skripti zenu, haya mafaili ya amri ambayo kompyuta inayasoma mstari kwa mstari na kuyatekeleza bila kuuliza, nani huyakagua kabla hayajaanza kazi?

Mimi na Profesa tukatazamana. Profesa akasema zimefanya kazi miaka kumi na moja. Bosi akamwambia kwa upole kwamba hakuuliza zimefanya kazi miaka mingapi. Kule alikotoka, alisema, vifaa huhesabiwa kabla tumbo halijapasuliwa na huhesabiwa tena kabla halijashonwa, hata kama daktari ana miaka thelathini kazini.

Basi kazi ikaniangukia mimi. Tulikuwa na skripti sitini na tatu: za kuhamisha picha kutoka kwenye mashine kwenda kwenye seva, za kufuta mafaili ya muda, za kutengeneza nakala za akiba, na nyingine ambazo hakuna aliyekumbuka zinafanya nini ila kila mtu aliogopa kuzigusa. Nikatafuta programu ya kuzikagua. Uzuri wa programu hii ni kwamba haiendeshi skripti. Inaisoma tu, kama mtu anayesoma barua yako kabla hujaitia kwenye bahasha, halafu inakwambia: hapa umesahau alama, hapa pana hatari, hapa ukiletewa jina ambalo hukulitarajia utaharibu vitu vya watu. Niliiweka Jumatatu asubuhi, nikaielekeza kwenye folda nzima, nikaenda kuchemsha maji ya chai. Niliporudi nilikuta malalamiko elfu moja mia moja na arobaini.

Nilicheka peke yangu, Dada, maana nilimkumbuka shangazi yetu akija kutembea. Hajavua viatu, hajapewa hata maji, ameshapitisha kidole juu ya kabati na kutuonyesha vumbi. Nikamwambia Profesa kwamba tumepata Shangazi, na jina likashika. Sasa hivi hospitali nzima utasikia: skripti imepita kwa Shangazi? Shangazi amesemaje? Hata bosi aliandika kwenye ripoti yake ya mwezi kwamba "Shangazi ameridhika", ikabidi apigiwe simu na wakubwa kuulizwa huyo ni mtumishi wa idara gani.

Wiki ya kwanza nilikuwa karibu kukata tamaa. Malalamiko yalikuwa ya kila namna, makubwa na ya upuuzi yamechanganyika kama nguo za wodi tatu kwenye kapu moja. Nikajifunza kuyatenga. Yale yanayoweza kufuta au kupoteza kitu nikayaweka mbele. Yale ya mapambo tu nikaiambia programu iyanyamazie kwa sasa. Nikawa nasahihisha skripti mbili au tatu kwa siku, na kila nikimaliza moja naiendesha kwanza kwenye kompyuta ya pembeni, kwa mafaili ya uongo. Mwisho nikaweka mlinzi mlangoni: skripti yoyote mpya, iwe yangu au ya Profesa, haiingii kwenye ghala letu la pamoja mpaka Shangazi aisome na kuipitisha.

Profesa alinuna. Alisema hajazeeka kiasi cha kusahihishwa na mashine. Hasa ilimuuma pale ilipoikosoa skripti yake ya Alhamisi, ile inayoingia kwenye folda ya mafaili ya muda na kufuta kila kilichomo. Shangazi aliuliza: na folda hiyo isipokuwepo? Maana kama haipo, skripti itabaki palepale ilipo na kufuta kila kitu cha hapohapo. Profesa akasema folda hiyo haijawahi kukosekana tangu aiumbe kwa mikono yake. Nilimbembeleza aongeze maneno machache tu, kwamba ukishindwa kuingia, simama. Akaongeza huku akiguna.

Hazikupita wiki mbili, mafundi wakaja kubadilisha diski, na Alhamisi hiyo folda ya Profesa haikuwepo. Skripti ilifika, ikakuta mlango hamna, ikasimama na kuandika ujumbe wa mstari mmoja. Tuliuona asubuhi pamoja. Profesa akavua miwani, akaifuta na pindo la koti, akaivaa tena, akausoma tena. Akasema, "Leo tungelia, mdogo wangu." Kesho yake aliniomba nimwekee Shangazi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Sasa anabishana naye kwa sauti siku nzima, na mara nyingi namsikia akisema, haya, haya, umeshinda.

Kwa hiyo ukiniuliza hali ya kazi, nitakwambia ni nzuri. Naamka nikiwa na hamu ya kwenda. Malalamiko yamebaki kumi na mawili, na yote ni ya mapambo.

Dada, sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mstari wa kwanza.

Unakumbuka, na najua unakumbuka, miaka saba iliyopita walipokuja kupima ile mashine mpya. Walipiga picha za majaribio, zikawekwa kwenye folda iliyoitwa "Majaribio Watoto", na walipomaliza ukaambiwa uifute. Ulitumia skripti ya kufuta. Ilikuuliza jina la folda, ukaandika, ukabonyeza. Mchana ule ikagundulika kwamba folda ya majaribio ipo vilevile, haijaguswa, ila folda iliyoitwa "Watoto", yenye picha za kweli za wodi ya watoto, haipo. Picha za wiki tatu, zote zikiwa bado hazijatengenezewa nakala za akiba. Kila mtu aliona jambo liko wazi: umeandika jina siyo. Watoto arobaini na saba wakaitwa warudi kupigwa picha upya, na wengine walikuwa tayari wamefungwa plasta. Fundi mkuu wa eksirei alikusema koridoni mbele ya wazazi. Ulijibu kwa sauti ndogo kwamba uliandika "Majaribio Watoto", na kwamba ulisoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Hakuna aliyekuamini. Nilikuwa nimesimama pale, mikono nimekunja, na mimi sikusema neno.

Wakakuandikia karipio, wakakuhamishia kwenye stoo ya mashuka. Baada ya miezi mitano ukaacha kazi. Ulimwambia Mama umechoshwa na harufu ya hospitali.

Skripti ile niliiandika mimi. Ilikuwa ya kwanza kabisa kupewa niiandike, na ni wewe uliyewaambia wanichukue kazini. Mstari wa thelathini na moja unasema futa folda iliyotajwa, na pale kwenye jina sikuweka alama za nukuu. Bila alama hizo, kompyuta ikikuta nafasi katikati ya maneno inadhani umetaja vitu viwili. Wewe uliandika "Majaribio Watoto". Yenyewe ikaelewa: futa kinachoitwa "Majaribio", halafu futa kinachoitwa "Watoto". Cha kwanza hakikuwepo. Cha pili kilikuwepo.

Ningependa kukwambia kwamba Shangazi ndiye aliyenifumbua macho. Ningesema hivyo, ningeonekana mtu mwema aliyegundua jambo na kukimbilia kulisema. Lakini si hivyo. Nilijua tangu mwezi wako wa pili kule stoo. Siku moja nilikuwa nafuta folda yenye jina la maneno mawili, ikagoma, nikafungua skripti kutazama, na kufumba na kufumbua nikaelewa kila kitu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimethibitishwa kazini na mke wangu ana mimba. Nikafunga faili. Wiki hiyohiyo nikatoa tangazo kwamba kuanzia sasa majina ya folda yote yaandikwe kama neno moja, bila nafasi. Nilisifiwa kwa utaratibu mzuri. Mstari wenyewe sikuugusa, kwa sababu kuugusa kungekuwa kukiri kwamba nimeuona. Wewe ulikuwa ghorofa ya chini unakunja mashuka, na mchana tulikuwa tunakula pamoja.

Mwaka huu nilipopanga skripti za kukaguliwa, ile niliiweka ya mwisho. Hatimaye zamu yake ikafika. Shangazi akauandika mstari wa thelathini na moja kama anavyoandika mingine yote, bila hasira, bila kumtaja mtu: weka alama za nukuu, jina linaweza kukatika. Ningeweza kuusahihisha kimyakimya ndani ya lundo lile, na dunia nzima isingejua. Nilishaweka kidole kwenye kitufe. Kilichonizuia sijui niseme nini. Labda ni zile wiki za kusahihisha makosa ya kila mtu bila aibu, yangu na ya Profesa, mpaka nikaanza kuzoea hewa safi.

Nilitengeneza folda mbili tupu, "Watoto" na "Majaribio Watoto". Nikaenda kumwita bosi, nikamwomba aandike yeye mwenyewe jina la ile ya majaribio. Akaandika, akabonyeza. "Watoto" ikatoweka mbele ya macho yake. Akaniuliza nani aliyeadhibiwa kwa hili. Nikamwambia. Akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia hilo pia. Akasema, "Sasa utawaambia wote, kwa mdomo wako, na mimi nitaandika."

Nimewaambia. Tulikutana kwenye ukumbi mdogo, watu kama ishirini. Fundi mkuu wa eksirei alisimama kabla sijamaliza, nikadhani anatoka, kumbe alikuwa anatafuta kitambaa. Ameniomba nikufikishie maneno haya, nami nayaandika alivyoyasema: "Mwambie nilimwaibisha mbele za watu, na leo mbele za watu nimesema nimekosa." Karipio lako limefutwa. Langu limeandikwa, na ni haki yangu. Kazi ya ukaguzi wameniachia.

Jioni ile nilimweleza Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Dada yako anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mimi unaniambia nini? Nenda kaandike."

Sikupiga simu kwa sababu nakujua. Ungenikatiza katikati, ungesema achana nayo, yalishapita, watoto hawajambo? Na mimi ningekubali haraka kuachana nayo. Karatasi hainikatizi. Imenilazimu kufika mwisho.

Sikuombi unisamehe kwa barua ya kurudi. Kama una hasira, njoo nayo, au niite nije niisikilize huko. Nina siku kumi za likizo, na nauli siyo tatizo. Ukitaka kukaa kimya kwanza, nitangoja, na mara hii zamu ya kungoja ni yangu.

Msalimie shemeji kwa heshima zote na uwabusu mapacha kwa niaba ya mjomba wao. Mama anasema ule vizuri na ule mkanda wa mgongo usiuache kabatini. Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya hospitali yenye muhuri. Imeandikwa kwa lugha ya ofisini na inazunguka sana, kwa hiyo nakuandikia hapa kwa maneno ya kawaida kile inachotaka kusema, na ambacho mimi nilipaswa kukisema koridoni siku ileile: uliandika jina sawasawa, Dada. Herufi kwa herufi.

Ni mimi,
mdogo wako