Inshallah ya Bi Mwatumu

Maramba, 6 Mei 2024

Shangazi Hafsa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila tangu tufike hapa kituo cha afya kwa mazoezi ya uuguzi mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika sare. Barua hii nampa Sele, konda wa basi. Naandika kwa sababu kwenye simu hunisubiri nimalize, na wewe ndiye mwalimu wetu wa kusikiliza. Usikasirike.

Tuna mgonjwa, Bi Mwatumu, mkulima wa hapa. Kisukari kimemuozesha mguu, na daktari anasema usipokatwa huko mjini wiki hii utamuua. Bwana Kristofa, muuguzi mkuu, alinituma nimwandae. Nikafanya ulivyotufundisha chuoni: nikavuta kiti, nikakaa usawa wake, nikamwacha aseme. Akaniuliza, "Wakinikata nitapona?" Nikamjibu kuwa matumaini yapo, tena makubwa, ila siwezi kumuahidi.

Akatabasamu. "Sikuombi ahadi, mjukuu wangu. Sema tu inshallah."

Shangazi, darasani ulisema anayempa mgonjwa inshallah badala ya jibu anapata sifuri. Nikanyamaza, maana ulisema pia kwamba ukimya ni dawa. Akanitazama mdomoni, akangoja. Halafu akamwita mwanawe, Tahiri. "Nirudishe nyumbani. Huyu kishajua nakufa, hata kumtaja Mungu kaona haya."

Wamekwenda. Nifanyeje?

Mwanao,
Nasma

Makorora, Tanga, 9 Mei 2024

Nasma,

Marahaba. Goti ni lile lile na mimi ni yule yule. Nimekusoma mpaka mwisho, sasa nawe nisikilize.

Usiniletee sifuri yangu kana kwamba ndiyo iliyomtoa mgonjwa kitandani. Fundi akikwambia inshallah, jua haji. Ofisa akikwambia inshallah, faili limepotea. Mjamzito anauliza gari la wagonjwa liko wapi, anaambiwa inshallah, anajifungulia njiani. Tumelichukua jina la Mungu tukaligeuza pazia la uvivu wetu, na wanafunzi wangu hawatajificha nyuma yake maadamu ninaishi. Nilikataza inshallah ya asiyetaka kujibu. Wewe ulikuwa umeshajibu. Baada ya jibu la kweli, hiyo ni dua, na dua ya mgonjwa huitikiwa. Hilo nalo lilihitaji mwalimu, wewe uliyelelewa na mama yangu?

Na huyo Kristofa anamtumaje mwanafunzi peke yake kwenda kuzungumzia kukatwa mguu? Nitamwandikia, atanijua.

Nenda kwa huyo bibi. Mwambie neno lake.

Shangazi yako,
Hafsa

Maramba, 13 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mwili hauna neno. Mengine haya hapa.

Nilikwenda. Walinipokea vizuri mno: nikatandikiwa mkeka, nikaletewa chai na mihogo. Chumbani udi ulikuwa unashindana na harufu ya mguu. Nikamweleza Bi Mwatumu yote, darasa, sifuri, wewe. Akacheka mpaka akakohoa. "Shangazi yako mkali kuliko sindano."

Nikamwambia, "Bibi, twende mjini. Utapona, inshallah."

Akanishika mkono. "Ahsante, mwanangu. Lakini hiyo ya leo unaisema ili ulale wewe."

Nikamgeukia Tahiri. Akasema, "Muuguzi, mama amekataa, na mimi simbebi kwa nguvu. Siku ile alikuwa amekubali. Kanga zake zilikuwa zimeshafungwa."

Jioni Bwana Kristofa alikwenda na daktari. Jibu ni lile lile. Uozo umefika gotini.

Usimwandikie Kristofa. Hakuna wa kumgombeza.

Nasma

Makorora, 15 Mei 2024

Mwanangu Nasma,

Sina swali la afya, nina safari. Jumamosi nakuja huko. Miaka yote hii nafundisha ushauri nasaha, siwezi kushindwa na bibi mmoja kitandani. Mwambie yule mkali kuliko sindano anakuja, asiende popote. Mpe Sele jibu.

Shangazi

Maramba, 16 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Usije. Tumemzika leo adhuhuri.

N.

Makorora, 19 Julai 2024

Nasma,

Salaam. Huu mwezi wa pili hujaniuliza goti, na simu zangu hupokei. Baba yako anasema umerudi bwenini na kwamba unakula. Nimeshika hilo.

Nimesahihisha mtihani. Karatasi zina namba tu, lakini mwandiko wako nilikufundisha mwenyewe, kwa kijiti, kwenye ua wetu wa Ngamiani. Yote umeyapata isipokuwa la mwisho: "Mgonjwa anakuuliza kama atapona. Andika maneno utakayomwambia." Hapo hukuandika kitu.

Wenzako wameandika jibu langu, neno kwa neno, nami nikawapa alama zao. Kwako nimeiweka kalamu chini tangu jana. Swali nimelitunga mimi. Nimejaribu kulijibu pale chini kwenye nafasi yako, nikafuta.

Jumapili nasonga bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa nazi. Utasema au utanyamaza, sitakukatiza.

Utakuja, inshallah.

Shangazi yako