Nyonga Mpya ya Mama

Alhamisi usiku, Voi

Wema wa Mama Mkubwa unanitisha kuliko upasuaji wenyewe. Tangu Mama arudi kutoka hospitalini na nyonga ya bandia, dada yake huyu aliyeteremka kutoka Wundanyi kumuuguza hamruhusu hata kuinuka kitandani.

Daktari alinieleza waziwazi: asipotembea, damu huweza kuganda mguuni, na bonge likisafiri hadi mapafuni huweza kumuua ghafla, hata akiwa anatumia dawa.

Leo mchana, mbele ya wageni waliokuja kumjulia Mama hali, niliwafafanulia yeye na dada yake hayo kwa utaratibu, kama ninavyowahutubia wazazi shuleni. Mama Mkubwa alinisikiliza hadi mwisho.

“Umesema vizuri, mwalimu. Kwa hivyo umemtoa hospitali aje kulima?”

Wageni wakacheka. Mama naye akacheka, kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu, lakini hotuba yote ilinitoka kichwani. Nilipiga magoti mbele ya watu, nikaishika miguu ya Mama kuona kama mmoja umevimba.

“Kumbe unaogopa hivyo, mwanangu?” Mama Mkubwa akauliza.

“Naogopa sana, Mama Mkubwa.”

Akamsogezea dada yake kiegemeo cha kutembelea. “Haya, inuka. Twende mlangoni.”

Walifika na kurudi, Mama akilalamika kila hatua. Miguu haijavimba. Lakini hatari hii hudumu wiki kadhaa, na kila chumba chake kinapokuwa kimya, mimi...

Nimekwenda kumsikiliza tena. Anakoroma. Kabla ya usiku huu sijawahi kumwomba Mungu mtu aendelee kukoroma.