Kadi ya Utani Iliyopanda Bombo

Alhamisi. Upepo wa Same leo umeamua kuuhamisha mji. Vumbi limeingia mpaka kwenye rola za mashine. Nimefuta asubuhi, nimefuta mchana, na roho yangu bado chafu.

Shajara, usinitazame hivyo. Nitasema.

Mimi ndiye mwendesha mashine wa chumba cha uchapaji, hapa kampuni yetu ya mbegu. Vile vipakiti vya mchicha unavyoona madukani vimepita mikononi mwangu. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Mkata karatasi wetu ni Kimaro, Mchaga, mtani wangu tangu tukiwa na nywele. Yeye huniita Mpare wa kesi ya kuku, eti sisi huuza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku. Mimi humwambia Mchaga kwa pesa hufufuka, hata akifa tutadondosha sarafu kaburini kwanza, tuhakikishe. Ndivyo tulivyozeeka.

Binti yake, Manka, anaolewa. Mchumba ni Mpare mwenzangu wa Bombo, kule juu milimani, na kwao ni watu wa kanisa, hawana mzaha. Kampuni ikaruhusu kadi za harusi zichapwe kwetu.

Sasa, kadi zilipopangwa kwenye pleti, lile bati la kuchapia, pakabaki nafasi moja tupu. Nafasi tupu kwenye pleti huniwasha kama upupu. Nikambembeleza dada wa kompyuta aijaze: "Baba wa bibi harusi atasimama mlangoni kupokea bahasha. Asiye na bahasha ataonyeshwa picha ya pilau." Maua yaleyale, wino uleule wa dhahabu.

Kimaro alikuwa likizo, kwa hiyo nilikata karatasi mwenyewe. Kadi za utani, moja kwa kila karatasi, nikazichoma, nikabakiza moja tu. Nikaiweka juu kabisa ya pakiti, ili Kimaro akifungua akutane nayo, anitukane, tucheke.

Hakufungua yeye. Manka aliichukua pakiti akaikabidhi moja kwa moja kwa upande wa mchumba. Ikafunguliwa Bombo, mbele ya wazee.

Utani wa mdomo hupeperuka. Ukiupiga wino wa dhahabu, unakuwa tangazo.

Wakwe wamesema kumbe huyu mzee anamuuza binti mlangoni kama nyanya. Wapare wenzangu, mnajijua: wameitisha kikao Jumapili, na mpaka kiishe hakuna harusi. Jana Manka alikuja kazini. "Shikamoo, baba mkubwa," akasema, halafu basi. Macho yamevimba. Angenitukana ningepata usingizi.

Leo nimekwenda kwa Kimaro na jani la sale. Kwa Wachaga, ukimkosea mtu unalifunga jani hilo fundo, unampelekea, na likishafika hawezi kukunyima msamaha. Desturi inataka libebwe na mtu mwingine kwa niaba yako. Nani angekubali kubeba kitu changu? Watu wangedhani ndani ya fundo kuna chura.

Nikampa kwa mikono miwili. Akaligeuza, akalinusa.

"Hili nalo umelichapa wapi?"

"Kimaro, sitanii."

"Hata siku ile ulipompigia mke wangu simu kwamba nimezimia kwa kusikia bei ya sukari, ulisema hutanii."

Ni kweli. Nilisema hivyohivyo, kwa sauti hiihii.

Nikataka kumwambia nimeumia. Nikataka kumwambia Manka ni mwanangu pia, nilimbeba mgongoni hapo uani akinikojolea. Mdomo ukaenda kulikozoea. Nikasema, "Lakini angalia, bahasha moja moja si ungejenga ghorofa?"

Jani bado liko mkononi mwake, na mimi natania.

Hakucheka. Tangu nimjue, sijawahi kumkosa kwa mzaha. Leo nimemkosa.

"Sale halikataliwi," akasema taratibu. "Nimekusamehe kwa ajili ya jani. Wewe mwenyewe sijakuona bado." Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasimama uani nikitazamana na kuku wake.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Njiani nimejaribu kutamka neno radhi peke yangu, bila kuongeza mkia. Ni gumu, jamani. Linateleza kama karatasi yenye unyevu, mashine haiishiki.

Hasara ni hii. Mzaha wote ule haukuwa wa bure, nilikuwa naulipia kwa neno langu, na sasa neno limeisha. Manka anahitaji mtu mmoja wa kusimama kikaoni aseme: kadi ile ni yangu, baba yake hana kosa. Mtu huyo ni mimi, na mimi ndiye asiyeaminika kuanzia hapa hadi milimani.

Jumapili napanda Bombo. Nitasema sentensi moja, nikae chini. Wakinifukuza, nitakaa nje ya mlango mpaka wanisikie.

Jioni hii nimemwambia mke wangu aninyooshee koti, naenda kuomba radhi kwa wakwe wa Kimaro.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wewe," akasema, "hii ya leo ni kali."