Mkwe Kashika Simu, Nami Natakiwa Nitabasamu

Mpendwa Shangazi Mwanvua, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi pokea upendo wangu tu, maana jambo hili limenifika shingoni na naomba msaada wako. Mimi ni mama mtu mzima wa Mvumi, Kilosa, nasuka vikapu vya ukindu tangu nikiwa msichana, na mume wa binti yangu Upendo, kijana anaitwa Yared, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii Mikumi, ndiye aliyepeleka kikapu changu kule wakakiwekea mikate mezani, mama mmoja Mholanzi akakipenda, akasema ana duka kwao na anataka vingine, basi Yared akanifungulia akaunti kwenye kampuni ya huko Ulaya ya malipo ya mtandaoni, kwa jina langu Costancia na kitambulisho changu cha NIDA, ila simu ni yake kwa sababu mimi nina kiswaswadu tu cha kupigia, na mambo yakaenda vizuri hadi wenzangu wa kikundi cha kanisani nao wakaanza kusuka.

Sasa mwezi huu kampuni imeandika kwamba sheria yao inawataka wahakikishe upya mwenye akaunti ni nani, na kuhakikisha kwenyewe ni kwamba nikae mbele ya simu niitazame, nigeuke kulia, nigeuke kushoto, halafu nitabasamu. Shangazi, simu anashika nani? Yared! Na kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, akija nyumbani shikamoo yake anaitoa akiwa uani nami naitikia marahaba nikiwa jikoni, na hatujawahi kukosana hata siku moja, labda ndiyo sababu. Upendo yuko Dodoma chuo cha uuguzi, hadi likizo. Tulijaribu, Yared akanipa mgongo akaishika simu juu ya bega, tukapata dari na sikio lake. Tukarudia, nikajifunika khanga nikaacha macho tu, mashine ikakataa. Ilipofika kwenye kutabasamu kijana wa watu jasho linamtoka, anasema, "Mama, samahani sana, hapa wanaomba... wanaomba ile... ufurahi kidogo," mimi nikainuka nikaenda kuchota maji na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Ndipo akatokea mdogo wangu Ida kutoka Tindiga, ambaye tumefanana hadi mchungaji anatuchanganya. Akasema, "Dada, hilo tu? Lete hicho kitambulisho, na wewe Yared, baba, kapumzike nje." Akaishika simu, akajitazama, akageuka huku na huku, akatoa tabasamu la harusini, nami nimekaa pembeni yake nashukuru Mungu, maana tangu jino langu la mbele ling'oke mwaka jana sipendi kupigwa picha na kwenye kitambulisho meno yapo yote.

Siku mbili hazikufika, kampuni ikajibu kwamba uso haulingani na kitambulisho, akaunti imesimamishwa, na mwenyewe asipojitokeza mwezi huu wataifunga na yule mama wa Uholanzi ataambiwa. Shangazi, mimi mwenyekiti wa akina mama nitaonekana tapeli, tena tapeli wa Ulaya! Ida anacheka, anasema, "Vikapu ni vyako, uso ni wangu." Yared anasema huko wana sheria kali ya kulinda siri za watu, lakini ni sheria gani ya siri inayoanza kwa kumtazama mtu mpaka meno? Na uso wangu ukishafika huko utawekwa wapi, atauona nani? Niache yaishe, au nifanye nini?

Ni mimi, Mama Upendo, Mvumi.

SHANGAZI MWANVUA ANAJIBU

Mama Upendo, shikamoo au marahaba, tutajuana tukikutana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi wa meza ya pili akauliza kuna nini. Mara ya pili nilikunja uso.

Hebu nikuulize. Ida alipoishika ile simu, nawe umekaa pembeni yake, Yared ameshatolewa nje, kwa nini Ida hakuielekeza kwako? Hapo palikuwa na mkwe gani? Mliacha njia nyeupe mkapita kwenye miiba. Mila ya wakwe naiheshimu na usiivunje kwa ajili ya kampuni yoyote, lakini safari hii umeisingizia, mama. Kilichokukimbiza ni pengo. Pole, kung'oka jino kunauma hata baada ya kupona, najua. Ila mashine ile haihesabu meno, inapima macho, pua na taya, na hivyo vyote bado unavyo.

Sasa sheria. Ziko mbili, na zote Yared amezichanganya kwenye chungu kimoja. Ya kwanza ni ya fedha, inayoilazimisha kampuni kumjua mteja wake ili wezi wasipitishe hela chafu kwa majina ya watu. Ya pili ndiyo ya kulinda taarifa za mtu, nayo inaibana kampuni hiyo hiyo: ikueleze inachukua uso wako kwa kazi gani, isiutumie kwa mambo yake mengine, isiugawe ovyo, na ukiuliza wana nini chako wakujibu. Inakulinda hata ukiwa Mvumi, kwa kuwa kampuni iko kwao. Wasikudanganye tu kwamba ukisema futa watafuta siku hiyo hiyo, kwa maana ile sheria ya fedha inawataka watunze kumbukumbu kwa miaka kadhaa. Hata kwetu sheria ya taarifa binafsi ipo.

Na wewe Ida, najua utasomewa hii. Uso ni wako kweli, ndiyo maana hukupaswa kuuazima kwa jina la mtu mwingine. Ungekuwa mchezo wa ngonjera ningekupigia makofi. Hapa umemtia dada yako kwenye shaka ya utapeli.

Fanya hivi, tena wiki hii. Yared awaandikie kwa maneno yako, bila kupamba, kwamba mdogo wako alikaa badala yako, ni kosa, na unaomba kurudia. Siwezi kukuahidi watakubali, lakini ukweli una nafasi, na uongo wa pili hauna. Ida arudi Mvumi ashike simu, yeye aliyeharibu ndiye atengeneze. Baada ya hapo, namba ya siri ya akaunti uijue mwenyewe, kichwani. Yared ni kijana mwema, nimempenda kwa jasho lake lile, lakini akaunti ni ya mama mkwe wake, si yake.

Na hilo la kuacha yaishe lifute kabisa. Kampuni imeuliza jambo moja tu: Costancia ni nani? Mdogo wako amejaribu kulijibu ameshindwa, mkwe wako hawezi, mimi siwezi. Toka nje penye mwanga, mama, ukalijibu mwenyewe.