Uso wa Babu Yako kwa Ajili ya Jiwe

Karakol,
9 Oktoba 2018

Mpendwa mjukuu wangu Aizirek,

Nakusalimu sana. Hujambo huko Moscow? Unakula vizuri, au bado unashindia chai? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Mitofaa imezaa mwaka huu, na ng'ombe kazaa jike.

Sasa nisikilize. Mwaka jana ulipokuja na kamera, babu yako Asangazy alijiandaa asubuhi nzima. Alinyoa ndevu, akavaa joho na kofia yake nyeupe. Ukamkalisha kwenye kigoda uani, ukamwambia, "Babu, tulia hivyo hivyo!" Kisha ukampa mgongo, ukapiga picha sura yake ndani ya vioo vya dirisha letu la zamani, vile vyenye mawimbi vinavyopinda watu.

Maskini akanong'ona, "Mbona ananipa mgongo?" Nikamwambia, "Nyamaza mzee, ndiyo mitambo ya siku hizi." Akabana pumzi kama askari. Hilo kosa langu, nalibeba.

Alipofariki hukuja kuzika. Sisemi.

Mwezi ujao mwaka unatimia tangu tumzike. Farasi wa kuchinja kwa karamu ya kumkumbuka yupo, jiwe la kaburi lipo. Uso wa kuchora juu yake ndio hatuna. Picha yake pekee niliyonayo ni ya jeshini, ana miaka kumi na tisa, fundi wa jiwe Sultanaly akaniuliza, "Huyu ndiye mjukuu?"

Jirani Kalicha akatuonyesha picha zako za siku ile kwenye simu. Kidevu kimeshuka hadi kifuani, jicho moja kama bakuli! Eti huko Moscow zimetundikwa ukutani kwenye maonyesho, watu wanasifu. Sultanaly akacheka, "Bibi, nitamnyoosha kidogo kidogo." Nikamjibu, "Kamnyooshe baba yako!"

Miaka hamsini na mitatu nimelala na mtu aliyenyooka.

Tafuta humo kwenye kamera. Hata moja tu ya uso wake wenyewe, hata kama uliipiga kwa bahati mbaya. Ukikosa, za kwenye kioo usinitumie. Jiwe litasimama na jina tupu, na watu wakiniuliza uso uko wapi, nitawaambia anao mjukuu wake.

Baba yako mdogo Ermek anakusalimu. Anataka kung'oa vioo hivyo aweke dirisha la plastiki. Nimemruhusu. Kalicha naye anakusalimu, na shangazi yako Burul.

Mungu akulinde na akupe macho ya kuona watu.

Ni mimi nikupendaye, na nimekasirika,
Bibi yako Sabira