Ngazi Moja Chini

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeitwa mwongo. Mwongo! Mimi!

Mama wa ustawi wa jamii kaniita ofisini kwake saa za kazi. Nikaacha pasi ikiwa ya moto, nikamwachia bosi rundo zima la shuka za hoteli. Nilidhani ananipa barua ya kumlea Chiriku moja kwa moja, yaishe. Kumbe! Kafungua faili, kanitazama juu ya miwani. Mara ya kwanza ulisema mama wa mtoto, marehemu, ni dada yako? Ndiyo, dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja? Nikacheka. Hapana, yeye wa mama mkubwa. Mama zetu ndio tumbo moja.

Akavua miwani. Basi si dada yako, ni binamu yako.

Binamu! Binamu ni watoto wa mjomba na shangazi, wale wa kutaniana nao. Huyu nililala naye kitanda kimoja mpaka siku anaolewa. Magauni yake yote niliyarithi, na mama yake akinichapa hakuuliza kwanza nimetoka tumbo gani. Nikamwambia hivyo, na sauti ikanipanda. Akasema anaelewa, hata yeye ana dada wengi wa namna hiyo, ila hakimu hataki hadithi, anataka mchoro.

Akachora palepale, viduara na mistari. Bibi juu. Mama zetu chini yake. Dada huku, mimi kule. Chini ya dada kiduara kidogo, Chiriku. Akafuata mistari kwa ncha ya kalamu kutoka kwangu hadi kwa mtoto, akipanda na kushuka. Binamu wa kwanza, ngazi moja chini, akasema; kwa hakimu huyo ni ndugu wa mbali.

Mtoto ninayemfuta kamasi tangu mama yake azikwe — ngazi!

Na bado. Amejitokeza shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Kwenye mchoro huyo yuko jirani kabisa. Hakimu anakaa Jumanne ijayo. Atamsikiliza kila mmoja, kisha atamuuliza mwenzake kama aliyoyasikia ni kweli. Ndugu wa karibu asipopatikana, mtoto anapelekwa kituo cha kulelea watoto mpaka apatikane. Nikauliza, na akikaa miaka bila kupatikana? Akafunga faili.


Jumatano, 6 Machi

Shangazi mtu kaja nyumbani.

Nilijiandaa kumchukia. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyanoa tangu asubuhi. Kabisha hodi kwa sauti ndogo, mikono imekakamaa kwa kazi, kabeba viatu vya mtoto. Vidogo! Amemnunulia Chiriku wa zamani, yule wa miaka mitatu aliyemwona kwenye mazishi ya baba yake. Akavitazama viatu, akautazama mguu, machozi yakamtoka. Kisha akacheka mwenyewe kwa aibu.

Hapo ndipo Chiriku aliponyanyuka. Kicheko kile ni cha baba yake, kitupu. Mtoto kasogea hadi magotini pake kama kavutwa kwa kamba. Mimi nikaingia jikoni kuosha vikombe visafi.

Anakaa mbali, safari ya siku nzima. Hana mtoto, mume alishafariki. Anasema hataki ugomvi, anataka damu ya kaka yake tu. Nikamjibu damu si kitu cha kubeba kwenye begi. Akavikumbatia vile viatu. Najuta kidogo. Kidogo tu.


Ijumaa, 8 Machi

Nimeunguza kola ya shati la mteja. Bosi kanitazama tu, hakusema. Afadhali angenigombeza.

Jioni Chiriku hakuongea njia nzima kutoka shule. Huyu ambaye jina kalipata kwa mdomo! Tulipofika akaniuliza: mamdogo, wewe ni nani yangu? Nikashtuka. Nani kakuuliza? Mama mwenye miwani, alikuja darasani akanitoa nje. Ukamjibu nini?

Nimesema wewe ni mama. Nimekosea?

Nikamwambia hujakosea. Nikamgeuzia mgongo, nikajifanya natafuta sufuria.


Jumapili, 10 Machi

Mjomba kaja. Mdogo wao mama zetu, wa mwisho, fundi wa saa, anaongea kama anafungua skrubu: taratibu, halafu kitu kinaanguka. Nilimweleza yote. Kasikiliza akinywa chai. Alipofika chini ya kikombe akasema: yule shangazi naye si dada wa tumbo moja wa baba yake Chiriku.

Nini?

Mjomba ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ya dada na shemeji. Aliuliza ukoo mzima, ndiyo kazi yake. Yule mwanamke ni mtoto wa baba mkubwa. Baba yake alikufa yeye akiwa hata kutambaa bado, akalelewa kwa baba mdogo, sahani moja na kaka yake. Kila mtu akamwita dada, naye akawa dada. Ukimchora, anakaa palepale ulipo wewe. Binamu, ngazi moja chini.

Nikaruka! Nilitaka kucheza katikati ya sebule. Kumbe tumesimama mguu sawa! Mjomba akasema, basi Jumanne hakimu akikuuliza, sema. Kisu kilichokukata wewe, nacho kimkate yeye.

Nimefurahi mchana kutwa. Nimepika, nimeimba. Chiriku ananiangalia kama nimepagawa.


Jumatatu, 11 Machi

Bosi kaniharibia furaha. Nilimsimulia huku nakunja mashuka, yeye kashika pembe za upande wa pili. Tukakutanisha pembe, akaniuliza: ukimtoa yeye, nani anabaki?

Nikasema mimi.

Wewe si walishakutoa?

Shuka limeniponyoka. Hakuna mwingine. Mama yangu hayupo, mjomba ni mzee, hawampi mtoto. Babu na bibi wamelala makaburini pande zote mbili. Dada alizaliwa peke yake, na shemeji vivyo hivyo, jana ndiyo nimejua. Mimi wa pembeni, shangazi wa pembeni. Mchoro ukiwa safi kabisa, wa kweli tupu, anayebaki karibu na Chiriku ni kituo.

Nimempigia mjomba. Nikamweleza. Akasema simu yake inaisha chaji. Uongo mtupu!

Sili. Naogopa, basi. Naandika ili mkono ufanye kitu.


Jumanne, 12 Machi

Benchi la korido, mahakamani. Chiriku yuko kule mwisho karibu na dirisha. Karani kampa karatasi achore, naye anachora bila neno. Nimembana nywele vibaya, upande mmoja umefumuka.

Mimi nimeshahojiwa. Nimejibu yote sawasawa: mtoto wa mama mdogo, ndiyo, ndiyo. Hakimu aliandika bila kunitazama, akaniambia nisubiri nje nitaitwa tena. Kaingia shangazi.

Ametoka sasa hivi. Kaketi karibu yangu mpaka mabega yanagusana. Ananong'ona bila kugeuza uso. Hakimu kaniuliza, wewe na marehemu baba mmoja, mama mmoja? Nimesema ndiyo.

Nikageuka nikamtazama.

Akasema, najua mjomba wako alikuwa mshenga wetu. Najua unajua. Lakini ningesemaje? Niseme hakuwa kaka yangu? Nimemzika mimi! Na wewe, nimesikia, ulisema hivyohivyo mwanzoni.

Kweli nilisema. Na sikudanganya. Na yeye hajadanganya.

Nikasema kwa sauti ya chini, utamleta likizo? Akanishika mkono. Kila likizo, dada. Nakuapia.

Dada! Ananiita dada. Nilitaka kuutoa mkono wangu nikashindwa.

Hakimu ataniuliza kama aliyosema huyu ni kweli. Nikisema ndiyo, Chiriku anapanda gari na huyu kesho kutwa, safari ya siku nzima, na mimi narudi kwenye pasi. Nikisema hapana, anapanda gari la ustawi. Hakuna jibu la yeye kulala kwangu. Nimeligeuza huku na huku kama nguo, nikitafuta upande usio na doa. Haupo! Mungu wangu, haupo.

Likizo ni lini? Sijui hata shule za kule zinafunga lini. Sikumwuliza. Hajui kwamba mtoto haoni vizuri jicho la kushoto, lazima akae mbele darasani. Nimwambie sasa? Nikimwambia sasa ina maana nimeshaamua.

Nimemwambia. Jicho la kushoto, akae mbele. Anatikisa kichwa, analia, anarudia: kushoto, kushoto.

Mlango umefunguka. Karani katoa kichwa, anasoma kwenye faili kwa sauti ya korido nzima: binamu wa marehemu, aingie!

Chiriku kaacha kuchora. Anageuka huku, anageuka kule, anamtafuta huyo binamu ni nani.