Kisu cha Kukatia Mkadi

Jumamosi, 6 Septemba

Asumini haba leo. Nimezichuma kabla hazijafunguka. Rehani tele. Mkadi nimekata mwenyewe nyuma ya nyumba, mkono mmoja unazuia majani yenye miba, mmoja unakata. Nimerudi na mikwaruzo, kama kawaida. Kisu nikakirudisha kwenye ala, ala nikaichomeka kiunoni ndani ya kanga. Vikuba nilivyofunga, vishada vya maua hayo ya kunukia, vyote vimeuzika sokoni Darajani kabla ya magharibi.

Jioni kaja Bi Salma. Anataka vikuba na maua ya kitanda cha bibi harusi. Mtoto wa kaka yake, Yusra, anaolewa Ijumaa. Nikamuuliza bwana ni nani. Akaitazama dari. Haroub. Haroub wangu, yaani aliyekuwa wangu.

Anasema hakuna afungaye vikuba kama mie. Kweli hakuna. Nikamjibu kwamba mie napamba vitanda, siulizi nani analala. Nimelipenda jibu hilo. Nimelirudia peke yangu jikoni.

Jumapili, 7 Septemba

Nna hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Mdogo wangu Nassor kaleta salamu kutoka kwa Bi Salma. Nije, lakini nisije na kisu. Haroub kawaambia wakwe zake kwamba aliniacha kwa sababu nilikuwa nnalala na kisu chini ya mto.

Uongo. Nilikuwa nnalala na Haroub, na hiyo ilikuwa tabu tosha.

Siku ile ya talaka alisema hatuelewani. Basi. Kisu hakikutajwa. Kisu hichohicho ndicho nilichomkatia maembe miaka yote, yeye kalala chali anangojea kipande kama kinda la ndege. Leo kimekuwa silaha.

Jumatatu, 8 Septemba

Habari imefika Darajani kabla yangu. Muuza ndizi mmoja akaniita mbele ya watu, "Bi Rukia, leo zamu ya nani kuchinjwa?" Nikamwambia ajiandikishe. Wakacheka. Nikacheka nao. Nimefika nyumbani nikapiga teke ndoo.

Si jambo la kuchekesha. Kazi yangu ni kuingia chumbani kwa bibi harusi, kabla ya mumewe hajaingia. Haingii huko mwanamke asiyeaminiwa. Nikikataliwa harusi hii, nyumba nyingine zitauliza kwa nini, na jibu lishatungwa. Nitabaki kuuza vikuba barabarani tu, na pembeni watu wakinong'ona.

Jumanne, 9 Septemba

Nassor kaninunulia kisu cha kukunja. Mpini mwekundu, kinang'aa kama kitu cha kuchezea watoto. "Dada, hiki kikikunjwa hakina hata sura ya kisu." Bi Salma keshaulizwa, keshakubali. Wamekubaliana wao. Mie ndiye nitakayekata.

Nimekaa nikavitazama vyote viwili. Nataka kutenda haki hata nikiwa na hasira.

Cha kukunja kinaingia kwenye kipochi. Hakitoboi kitu. Changu kiliwahi kupenya ala ilipochakaa, kikanichania buibui. Na mwanamke akipekuliwa mlangoni, cha kukunja hakimtishi mtu.

Lakini kufungua kunataka mikono miwili na ukucha, na mkono mmoja wangu daima uko kwenye miba. Nikikifungua mapema nnatembea na kisu wazi, kisicho na ala. Hapo nani mwenye hatari? Halafu kina goti, pale kinapokunjikia. Utomvu na vumbi la mkadi vinaingia humo. Nina goti mie mwenyewe, najua ndilo linaloanza kuharibika.

Mkasi nao wamenishauri. Mkasi unaubana mkadi, unageuka mweusi. Wanaoshauri hawajawahi kukata mkadi.

Nitakitumia hicho chekundu. Nakitumia kwa sababu nautaka mlango ule ufunguke, si kwa sababu wamesema kweli.

Jumatano, 10 Septemba

Kisu chekundu kimejifunga juu ya kidole changu.

Nilikuwa naupasua mkadi kuanzia shinani. Nikakisukuma kwa ncha, kama nisukumavyo changu. Goti likaachia. Ubapa ukarudi juu ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nimeshonwa. Kidole hicho ndicho kinachoushika uzi. Bila hicho mie si mfunga vikuba, ni mwanamke mwenye maua mengi.

Kosa langu ni hilo la kusukuma. Mkono umezoea kisu kisichosaliti. Lakini nani alinibadilishia?

Nassor kasimama mlangoni anasema visu vyote hukata. Nikamwambia, "Hiki chako kimenichinja bila hata bismillahi." Akaondoka. Chai hakunywa. Vizuri.

Haroub kanikata bila kunikaribia. Kwa ulimi tu. Nimelia, sasa sitaki tena.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda.

Nilipanga asumini, rehani na mkadi kwenye sinia, na juu yake kisu changu ndani ya ala, wazi, kila mtu akione. Bi Salma kasimama mlangoni. Macho kwenye sinia. Nikamnyoshea kidole chenye bendeji.

"Hii ndiyo amani yenu, Bi Salma. Chagueni. Tuingie sote wawili, mie na kisu changu, au turudi sote wawili."

Akakitazama kidole. Akasogea.

Yusra yuko ndani anatawa, hatoki hadi harusi, kapakwa liwa ya kunukia, kachoka kukaa. Binti mwenye mikono midogo. Wengine walikuwa jikoni. Akaona nnahangaika na uzi kwa mkono wa kushoto, akasema, "Lete, Bi Rukia, nikufungie. Unielekeze." Bibi harusi anajifungia vikuba vyake mwenyewe. Sijawahi kuona. Anafunga vibaya, lakini anasikia akiambiwa.

Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Ndicho hicho cha chini ya mto?"

"Ndicho hiki. Chini ya mto hakijapata kufika."

"Alikuwa anakiogopa?"

"Alikuwa akilishwa embe nacho."

Hakucheka. Akakaza fundo. Akasema, "Nilipomuuliza kwa nini mliachana, alinijibu upesi mno."

Nilikuwa na hotuba. Nimeitunga tangu Jumapili, ina vifungu. Ukafika wakati wake, nikamtazama yule mtoto na liwa usoni, kesho harusi yake, nikaimeza. Ilikuwa chungu. Haroub hajui nilivyomwokoa, na jambo hilo linanikera vilevile.

Yusra akaomba akishike kisu. Akakichomoa, akakata mkadi mmoja, akakirudisha kwenye ala taratibu. "Chepesi," akasema. Basi.

Jumamosi, 13 Septemba

Harusi imepita. Vikuba vilikuwa vimepinda, kila kimoja na upande wake. Wanawake wawili wameniuliza kama huo ndio mtindo mpya. Nikasema ndiyo.

Nilimwona Haroub ukumbini, kanenepa. Akanisalimia, macho yakashuka kiunoni pangu. Kilikuwepo. Sikukifunika. Hasira bado ipo, lakini leo imekaa, haitembei.

Nassor kaja na mkate wa mofa na maneno ya kuomba msamaha. Nimekula mkate kwanza.

Jumatatu, 22 Septemba

Fungate imekwisha. Kaja Bi Salma asubuhi, kaketi bila kukaribishwa, ndivyo akija kwa wema. Kuna nyumba nyingine inataka nipambe kitanda, mwezi ujao. Waliuliza habari ya kisu. Yusra mwenyewe kawajibu, mbele ya mumewe, kwamba ni kisu cha kukatia mkadi na yeye kakishika. Mumewe alikuwa anakunywa chai, Bi Salma anasema. Aliendelea kuinywa kikombe kikiwa kitupu.

Halafu akasema Yusra anataka kama hicho. Si cha kukunja. Chenye ala.

Nimekwenda Makunduchi mchana, kwa mhunzi, kuagiza kisu. Kulikuwa shwari, harufu ya makaa na mwani unaokaushwa. Hakuuliza cha nani wala cha nini. Aliuliza mpini tu, mkubwa au mdogo.

Nikaukumbuka mkono wa Yusra kwenye uzi. Mdogo, nikamwambia.